Mapipa Kumi na Manne ya Ihangilo

Barua ilimkuta Muhidini akipiga randa ubao wa mlango, akaisoma amesimama, maranda yamemfunika miguu mpaka vifundoni. Ilitoka upande wa Iringa, kwenye monasteri ya watawa wa Mtakatifu Benedikto iliyoko Ihangilo. Ilieleza kwamba watawa wamelifufua shamba lao la mizabibu, lililoachwa pori tangu vita ya Mjerumani, na pishi la divai limefunguliwa tena. Mapipa ya zamani yapo, lakini vifuniko vimepasuka na mbao zimelegea, na hakuna fundi anayeyajua. "Tumesikia," ilimalizia barua, "kwamba mwana wa Isihaka Fundi Mapipa yu hai, naye ni seremala Mbeya. Tunakuomba uje uyaone."

Muhidini alilisoma jina la baba yake mara tatu kwa macho. Kwa mdomo hakulitaja. Nyumbani kwao, Iyunga, jina hilo lilikuwa halitajwi.

Baba yake alipanda bara kutoka Bagamoyo akiwa kijana, na watawa wakamwajiri kuwatengenezea mapipa. Mkewe, Bi Rukia, alikaa Iringa mjini na mtoto, naye Isihaka akawa anarudi kila baada ya wiki mbili. Mwaka wa 1916, vita ilipofika milimani, hakurudi. Alikuja mpita njia mmoja akasema amemwona akiondoka na askari wa Kizungu, mzigo kichwani, kwa miguu yake mwenyewe, wala hakufungwa kamba. Bi Rukia aliyameza maneno hayo kama mtu anayemeza mwiba. Alingoja mwaka, akangoja wa pili. Dhahabu ilipozuka Chunya alimchukua mwanawe akaenda kuwauzia wachimbaji vitumbua, na kutoka Chunya wakateremkia Mbeya. Wanaume waliokuja kumposa aliwajibu jibu moja tu: "Mimi nina mume. Alipo anajua mwenyewe na Mungu wake." Hivyo ndivyo alivyozeeka, si mjane, si mwachwa.

Muhidini alikuwa na umri wa miaka sita wakati ule. Kitu kimoja tu kilimbakia: harufu ya kanzu ya baba yake. Harufu ya mbao zilizopitishwa motoni, na ndani yake harufu nyingine, tamu kidogo na chachu kidogo, ambayo hakuwahi kuikuta tena mahali popote duniani.

Alimwonyesha mkewe, Mwantumu, ile barua.

"Ni mambo ya divai, Mama Zuhura," alisema. "Anayeikamua amelaaniwa, anayeibeba amelaaniwa. Anayeitengenezea chombo, je?"

Mwantumu aliigeuza barua upande wa pili kuona kama kuna zaidi. "Hapa wanasema uje uyaone," alijibu. "Kuona hakujaharamishwa, Baba Zuhura. Na mimi nakuja. Macho manne yanaona kuliko mawili."

Walimwambia Bi Rukia kwamba wanakwenda Iringa kutafuta mbao. Mama mtu akasema tu, "Huko kuna baridi. Chukueni blanketi."

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka wa 1955. Basi lilipita Igawa na Makambako katika vumbi jekundu, kisha, walipoanza kuingia nchi ya misonobari, vumbi likaisha na ukungu ukashuka barabarani. Wakateremshwa kwenye njia panda isiyo na nyumba hata moja. Hapo walimkuta bruda mmoja Mbena wa makamo, joho jeusi, miguuni viatu vya tairi, amekaa juu ya jiwe anakula karanga.

"Fundi? Mimi ni Bruda Fanueli," alisema akiinuka na kujipangusa maganda. "Poleni na safari, mama na wewe pole. Si mbali hapa. Mkiona kama mbali ni huu ukungu tu."

Wakatembea. Ukungu ulikuwa mzito hata Muhidini akaona mgongo wa bruda na kisigino cha mkewe, basi. Miti ilijitokeza, ikawatazama, ikarudi ilikotoka. Mahali fulani maji yalikuwa yakipita kwenye mfereji, yakinong'ona, mara kulia mara kushoto, wala hawakuyaona. Kisha kengele ikalia. Haikulia mbele wala nyuma. Ililia pande zote, kama ukungu wenyewe ndio uliogongwa. Mwantumu alimshika mumewe mkono wa kanzu, jambo asilolifanya mbele za watu tangu waoane.

"Ni kama mtu aliyelala," alinong'ona, "akaota anatembea."

Monasteri ilitokea kidogo kidogo. Kwanza ukuta wa matofali mekundu ulioota kuvu, halafu matao, halafu mnara usio na kilele kwa sababu kilele kilikuwa mawinguni. Hapakuwa na kelele. Bruda mmoja alipita akisukuma toroli la kabichi, akainamisha kichwa, akapotea.

Fanueli aliwapeleka kwanza mizabibuni, na hapo ulimi wake ukafunguka. "Miaka mitatu iliyopita hapa palikuwa msitu, Fundi. Tembo angelala usimwone. Tukafyeka, tukakuta shina nene kama paja langu limekumbatia mti wa watu. Sisi tukasema ni mwitu, tukate. Bruder Crispin akapiga kelele! Huyo ni mzee wetu, Mjerumani, alikuwa hapa zamani, akapelekwa kwao wakati wa vita, amerudi juzi juzi kuja kufia hapa, anasema mwenyewe. Macho yake yamekwisha. Alipiga magoti, akalipapasa lile shina kama mtu anayepapasa uso wa ndugu. Akalia. Akasema, hii ndiyo yenyewe, haijafa. Basi tukachukua vipandikizi kwake. Huu wote unaouona ni watoto wa lile shina."

Mizabibu ilisimama safu kwa safu juu ya miti ya kuegemea, ikiteremka bondeni mpaka ilipomezwa na weupe. Vichala vilikuwa vimeanza kugeuka, punje nyeusi katikati ya kijani. Mwantumu aligusa kimoja kwa ncha ya kidole. Kilikuwa na umande, baridi kama jicho la samaki.

Kisha wakashuka pishini.

Ngazi zilikuwa kumi na moja, za mawe, zimelika katikati. Muhidini alifika ya tano akasimama. Hakuweza kuendelea. Harufu ilikuwa imepanda kumlaki: mbao zilizopitishwa motoni, na ndani yake ile nyingine, tamu kidogo, chachu kidogo. Alikuwa na miaka arobaini na mitano, ana mvi kidevuni, ana binti aliyeolewa, na pale kwenye ngazi ya tano alikuwa mtoto wa miaka sita amezika uso katika kanzu.

"Baba Zuhura?" mkewe aliita kutoka nyuma yake.

"Nipo," alisema. "Ngoja kidogo."

Fanueli aliwasha kandili. Mapipa yalilala safu mbili, saba huku na saba huku, makubwa kuliko alivyodhani, ya mninga uliogeuka mweusi kwa umri. Alama ya fundi ilikuwa kwenye kila moja: mikato mitatu ya patasi na nukta. Muhidini alipitisha kiganja juu ya mbao. Alikuwa seremala wa miaka ishirini na mitano, ametengeneza milango ya Wahindi na masanduku ya kuchekechea dhahabu ya Chunya, lakini kazi kama ile hakuwahi kuishika. Mbao zilikutana bila gundi, bila msumari, kama vidole vya mtu anayeomba.

Kisha akafika kwenye vifuniko, na mkono wake ukasita.

"Bruda, leta taa." Aliinama kwenye pipa la kwanza, akaenda la pili, akaenda la tatu. Uso ulikuwa ukimbadilika. "Barua ilisema vimepasuka. Havikupasuka hivi. Hivi vimepigwa. Kisogo cha shoka, kutoka nje. Yote kumi na manne, mahali pale pale, mkono ule ule." Sauti ilimpanda. "Nani aliyeivunja kazi ya baba yangu?"

"Aliyeifanya," ilijibu sauti kutoka gizani.

Mwantumu alitoa ukelele mdogo. Mwisho wa pishi, kwenye benchi, alikuwa amekaa mzungu mzee, mwembamba, ndevu nyeupe, fimbo katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa na utando kama maziwa.

"As-salaam aleikum," alisema mzee. "Nisamehe sikuinuka. Nilikusikia ukishuka. Unakanyaga kama yeye, unaweka kisigino kwanza. Karibu, mwana wa Isihaka. Mimi ni Crispin. Baba yako ndiye aliyenifundisha Kiswahili, ndiyo maana mapadre vijana wananicheka, wanasema naongea kama mtu wa Bagamoyo."

Muhidini aliitikia salamu. Alikaa kwenye benchi, Mwantumu akakaa upande wa pili, na Bruder Crispin akaanza kusema, taratibu, kama anayesoma kitabu kilichoandikwa nyuma ya macho yake.

"Divai hii ilikuwa yangu mimi. Niliipanda, niliikamua, niliilinda miaka minane. Baba yako alikuwa hainywi, hata kuonja. Kila alipomaliza pipa alikuwa akinyamaza siku nzima, nami sikumwuliza, nilijua. Siku ile wanawake wa vijiji walikuja wakikimbia. Wake, mabinti, wamebeba watoto. Wakasema kuna askari wanakuja, wamepotezana na jeshi lao, wana njaa na wana hasira. Wa upande gani? Siku ile hatukujua. Tukawaficha wanawake kanisani, juu, kwenye dari ya kwaya. Padre mkubwa akasema, tuwape askari chakula, tuwape kila kitu, watapita. Isihaka akanivuta kando. Akaniambia, Bruder, askari mwenye njaa ukimpa ugali, atalala. Ukimpa divai, ataamka. Na akiamka, atatafuta dari."

Maji yalisikika yakipita nyuma ya ukuta.

"Nilikataa. Nataka ujue hilo, sitaki kujifanya mtakatifu. Nilisimama mlangoni nikatandaza mikono. Nikasema hii ni damu ya Bwana. Akasema, bado haijawa, Bruder, hii ni maji ya zabibu, na wale kule juu wana damu yao wenyewe. Akaniondoa mlangoni kama mtu anayeondoa pazia. Nikasema, divai ni yangu! Akasema, lakini mapipa ni yangu mimi. Akachukua shoka."

Muhidini aliona. Hakujua kama ni kandili, au harufu, au uchovu wa njia, lakini aliona mgongo wa mtu kijana ukiinuka na kushuka, ukipita pipa hadi pipa, na mto mwekundu ukishika njia yake sakafuni. Utotoni, mwalimu wa chuo cha Kurani aliwahi kuwasimulia siku kileo kilipoharamishwa Madina, jinsi watu walivyoitoa mitungi yao wakaivunja, na njia za mji zikatiririka. Kila mara aliposikia kisa hicho alijiuliza hao watu walikuwa na nyuso gani. Sasa alijua uso mmoja.

"Ikatoka chini ya mlango," Bruder Crispin aliendelea, "ikaingia mferejini, mfereji ukawa mwekundu mpaka bondeni. Kuku wetu walilewa siku mbili. Askari walifika alasiri. Walifuata ile harufu mpaka hapa wakakuta tope. Walimpiga. Halafu wakatwaa wapagazi kumi na wawili, yeye wa kwanza, na mimi wakanichukua niwafunge majeraha. Walitaka kumfunga kamba. Akawaambia, msinifunge, naenda. Alijua wakikaa kumtafutia kamba watakaa sana, na huenda wakaitazama dari. Akajitwika mzigo, akatangulia mbele."

"Kwa miguu yake," alisema Muhidini.

"Kwa miguu yake."

Mwantumu alikuwa amejifunika uso kwa ukaya.

"Siku ya kumi na moja, ng'ambo ya Kilombero, tumbo la damu lilimshika. Alikufa asubuhi, jua limetoka tu. Kulikuwa na mpagazi mmoja Mwislamu, mtu wa Kilwa. Tukamwosha mtoni. Kaburi nilichimba mimi, kwa sufuria. Yule wa Kilwa akanionyesha kibla, tukamlaza upande wake, akasema maneno yenu. Mimi sikuyajua maneno, nikasimama tu. Baada ya hapo nikawa mfungwa wa Waingereza, nikapelekwa Ulaya. Niliandika barua kwa mama yako, mara mbili, Iringa mjini. Zilirudi."

"Tulikuwa Chunya," alisema Muhidini. Kisha akainama, akalia, na yule mzee asiyeona akautafuta mgongo wake kwa kiganja mpaka akaupata.

Walikaa Ihangilo siku nne. Asubuhi ya pili Muhidini alimwendea Bruder Crispin mizabibuni. Alikuwa hakulala sana.

"Bruder, mimi siwezi kutengeneza chombo cha divai. Baba yangu aliweza. Sijui nani kati yetu aliye sahihi, lakini mimi siwezi."

"Nilijua," alisema mzee. "Nilikuita kwa ajili ya barua mbili zilizorudi. Mapipa yalikuwa kisingizio."

"Lakini nitatoa mbao nzima katika hayo kumi na manne, niunde pipa moja. La maji. Mliweke getini, apitaye mwenye kiu anywe."

Akafanya hivyo chini ya tao, ukungu ukiingia na kutoka kama mgeni asiye na haraka. Alizifungua mbao za baba yake moja moja, akajifunza kila kiungo kilivyokatwa, akapitisha nyingine motoni ziinamike, akazibana kwa pete za chuma. Bruda Fanueli alikuja akachuchumaa karibu.

"Fundi, naweza kutazama?"

Muhidini alijua anatazama kwa nini. Alifikiri kidogo. "Macho ni yako, Bruda," alisema, akaendelea kugonga, wala hakuongeza mwendo.

Siku ya tatu alifika bibi mmoja wa kijijini, anaitwa Marta, amebeba kibuyu cha asali. Habari zilikuwa zimemfikia kwamba mtoto wa fundi amekuja. Aliketi chini mbele ya Muhidini, Kiswahili chake kikichanganyika na Kihehe, na alipokwama Fanueli akamsaidia.

"Mimi nilikuwa kule juu," alisema bibi Marta. "Msichana bado. Mama alinifunga mdomo na mkono wake. Tulisikia kishindo chini, tu! Halafu tu! Nikahesabu mpaka kumi na nne. Hatukujua ni nini. Tulifikiri wanavunja mlango waje." Aliushika mkono wa Muhidini, akaugeuza, akakitazama kiganja. "Mama yako yuko hai? Mwambie Marta wa Ihangilo ana watoto saba. Wajukuu sijawahesabu, wanakimbia, hawatulii. Mwambie hivyo tu."

Walipoondoka, pipa lilikuwa getini limejaa maji, limevimba vizuri, halivuji hata tone. Mwaka ule watawa waliitia divai yao ya kwanza katika madumu ya kioo waliyoagiza Dar es Salaam. Baadaye Fanueli aliunda pipa, likavuja. Akaunda la pili, likavuja kidogo. La tatu likashika.

Iyunga, Bi Rukia alikuwa kibarazani na ungo wa mchele. Muhidini aliketi chini, miguuni pake, akamweleza yote tangu mwanzo hadi mwisho. Mama hakumkatiza. Vidole vyake viliendelea kutafuta chenga na mawe, kutafuta na kutupa, hata mchele ulipokuwa hauna tena kitu cha kutupwa.

"Nani aliyemwosha?" aliuliza mwishowe.

"Mpagazi wa Kilwa, na yule bruda. Mtoni."

"Na alilazwa kibla?"

"Kibla, mama."

"Na huyo Marta. Umesema wangapi?"

"Saba. Wajukuu hajawahesabu."

Bi Rukia aliuweka ungo chini. "Miaka thelathini na tisa," alisema, "nimemnunia maiti." Akainuka, akaingia chumbani, na kutoka ndani wakasikia akimwambia Mwantumu amtafutie nguo nyeupe.

Maalimu wa msikitini alikuja, akamweleza kwa upole kwamba eda huhesabiwa tangu siku mume alipofariki, hata kama mke hakupata habari; yake ilikwisha zamani sana, wala hadaiwi kitu.

"Nimekuelewa, Maalimu," alijibu Bi Rukia. "Sheria haikunilazimisha. Mimi ndiye niliyejikalisha."

Akakaa miezi minne na siku kumi. Khitma ikasomwa, wali ukapikwa, na majirani walikuja, Waislamu kwa Wakristo, wamama wa Kinyakyusa na ndizi zao vichwani, wakikaa naye jamvini zamu kwa zamu. Mwanzoni alikuwa kimya. Kisha, siku moja, akaanza kusema. Akawaambia jinsi Isihaka alivyokoroma mpaka paka anahama nyumba. Jinsi alivyopenda papa mkavu, akiletewa kutoka pwani anamla hata kabla hajapikwa, amejificha na mtoto nyuma ya mlango wale wote wawili. Jinsi alivyokuja kuposa Iringa akiwa na viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine, akaingia kwa wakwe akichechemea, na baba mtu akamwonea huruma akidhani ni kilema.

Muhidini alisikia kicheko kutoka nje. Alikuwa amerudi mapema kutoka karakanani, msumeno begani. Aliitambua sauti ya mama yake ndani ya vicheko vingine, nyembamba, ya msichana, sauti ambayo hakuwahi kuisikia maishani mwake. Akasimama pale pale nyuma ya ukuta, hakukohoa, hakupiga hodi, asije akamkatiza.